Maji ya Chumvi Bustanini: Mimea Inavyovumilia, na Mahali Uvumilivu Unapokoma

*Mazungumzo na wakazi wa Tassia, Embakasi Mashariki, wanaolima mboga kwenye magunia, mitungi na vipande vidogo vya ardhi*



Katika mtaa huu, anayetaka kupanda mboga huanza kwa kuuliza maji kabla ya kuuliza mbegu. Maji ya bomba, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, hufika kwa zamu. Siku yasipofika, ploti nyingi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Wakazi wameyapa maji hayo jina lake: maji ya chumvi. Chai yake ina ladha yake, na sufuria iliyoyachemsha hubaki na utando mweupe.

Maji hayo hayo ndiyo humwagiliwa sukuma wiki iliyo kwenye gunia darini au kwenye roshani. Wiki za kwanza mboga hukua vizuri. Baadaye ncha za majani huanza kukauka, mmea hudumaa, na juu ya udongo huonekana unga mweupe. Mwenye bustani hudhani mbolea imepungua, akaongeza nyingine, na majani yakazidi kuungua. Mwishowe gunia humwagwa, na pesa za udongo, samadi na miche zikapotea. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kununua kila jani sokoni.

Mara nyingi kosa haliko mikononi mwa mkulima. Liko kwenye chumvi iliyojikusanya polepole bila kuonekana. Neno kuu la mazungumzo haya ni moja: kuvumilia chumvi ni kazi ambayo mmea huifanya kwa gharama, na kazi hiyo ina kikomo. Anayechagua mmea unaoiweza kazi hiyo, kisha akaupunguzia mzigo, anaweza kuvuna hata pale ambapo maji ya kisima ndiyo anayoyategemea zaidi.

Chumvi ya Nairobi ni ya namna gani

Chumvi si ile ya mezani peke yake. Ni jina la jumla la madini mengi yanayoyeyuka majini. Mawe yaliyo chini ya Nairobi ni ya volkeno, na maji yanayokaa ndani yake kwa muda mrefu huyeyusha madini hayo. Ndiyo maana maji ya visima virefu vya jiji kwa kawaida huwa na sodiamu na bikaboneti kwa wingi, na mara nyingi floridi pia. Kwa lugha ya jikoni, chumvi hiyo ni jamaa ya magadi, yale wanayotia watu kwenye maharagwe au githeri ili iive upesi. Hata hivyo, kisima kimoja hutofautiana na kingine, na visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kuwa na viwango visivyolingana.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba maji huondoka, chumvi hubaki. Jua hukausha maji, na mmea huyapandisha na kuyatoa hewani kupitia majani, lakini chumvi haigeuki mvuke. Tuseme kisima kina gramu 1 ya chumvi katika kila lita, na gunia lisilo na mashimo chini linamwagiliwa lita 5 kwa siku. Kwa siku 30, gunia hilo limepokea gramu 150 za chumvi, na isipokuwa ile kidogo iliyochukuliwa na mmea, yote bado imo ndani. Maji yaliyoonekana si mabaya sana siku ya kwanza yamegeuza udongo kuwa chumvi tupu kwa mmea ifikapo mwezi wa tatu. Hiyo ndiyo sababu mboga huanza vizuri na kufa baadaye.

Madhara matatu

Dhara la kwanza ni kiu. Mzizi huvuta maji kwa sababu ndani yake mna vitu vilivyoyeyuka vingi kuliko vilivyo nje, na maji huelekea upande ulio mzito zaidi. Udongo ukijaa chumvi, tofauti hiyo hupungua, na mzizi hulazimika kushindana na udongo kwa kila tone. Ndiyo maana mmea unaweza kunyauka saa sita mchana ilhali udongo bado una majimaji.

Dhara la pili ni sumu. Sodiamu inafanana na potasiamu, madini ambayo kila chembe hai ya mmea huhitaji ili ifanye kazi zake. Sodiamu ikizidi, hupenya kupitia milango ya potasiamu, na shughuli za ndani huvurugika. Huja na maji hadi kwenye majani na kubaki humo maji yanapotoka. Kwa hiyo majani ya zamani, ambayo yamepitisha maji kwa muda mrefu zaidi, ndiyo huungua kwanza, kuanzia nchani na pembeni.

Dhara la tatu huupata udongo wenyewe, na hutokana hasa na maji ya aina ya magadi. Sodiamu hutenganisha chembe za udongo wa mfinyanzi zilizokuwa zimeshikana. Udongo ukilowa huwa tope lisilopitisha maji wala hewa, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Wanaolima kwenye udongo mweusi wa Embakasi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, huliona hili upesi. Zaidi ya hayo, udongo wenye magadi hufunga madini ya chuma. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, ijapokuwa chuma chenyewe kimo kwenye udongo.

Mmea hujilindaje

Mimea haikai kimya mbele ya adui huyu. Kwa jumla ina njia nne za kujikinga, na aliyewahi kufika pwani amezipita baadhi yake bila kujua, katika mikoko ya Lamu au Mombasa.

Njia ya kwanza ni kuzuia mlangoni. Mzizi wa mkoko huchuja maji ya bahari na kuacha nje sehemu kubwa ya chumvi. Ngano na shayiri nazo huzuia sodiamu isipande hadi majani, ila kwa uwezo mdogo zaidi. Zina vilinzi kwenye mirija ya mizizi ambavyo huitoa sodiamu katika maji yanayopanda.

Njia ya pili ni kuirudisha nje. Mti uitwao mchu, ambao ni wa jamii ya miti ya mikoko, hutoa chumvi kupitia vitundu vidogo vya majani, na ukililamba jani lake utasikia ladha ya chumvi. Mboga za bustani hazina vitundu hivyo, lakini chembe za mizizi yake zina pampu ndogo zinazosukuma sodiamu kuirejesha udongoni.

Njia ya tatu ni kuifungia ghalani. Katikati ya chembe nyingi za mmea mna mfuko mkubwa wa maji. Mmea unaoweza huisukuma sodiamu ndani ya mfuko huo na kuifungia humo, ikawa mbali na sehemu zinazofanya kazi. Kwa njia hii jani huwa na chumvi nyingi na bado likabaki kijani.

Njia ya nne ni kutengeneza kinga ya ndani. Ili maji yaendelee kuingia, chembe hutengeneza vitu vinavyoyeyuka ambavyo haviidhuru. Kimojawapo huitwa betaini, jina lililotokana na jina la kisayansi la bitiruti, kwa sababu huko ndiko kilikogunduliwa.

Kazi zote hizi hula nguvu. Pampu huhitaji sukari, na betaini hutengenezwa kwa naitrojeni ambayo ingeenda kujenga majani. Kwa hiyo hata mmea unaovumilia hukua polepole kuliko ungekua kwa maji matamu. Mkulima asishangae mavuno yakipungua kidogo. Mmea uliopunguza mwendo bado ni mzima, maana umeelekeza nguvu zake kwenye ulinzi.

Wanasayansi wamejaribu kuzihamisha kinga hizi kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walitangaza kwamba jeni moja ya jamaa wa kale wa ngano, ambayo huizuia sodiamu isifike majanini, ilipoingizwa katika ngano ya kutengenezea tambi kwa njia ya kawaida ya kuchanganya mbegu, mavuno kwenye udongo wa chumvi yaliongezeka kwa asilimia 25. Katika mpunga, aina ya Pokkali, inayolimwa tangu zamani kwenye mabonde ya chumvi ya Kerala nchini India, imetumika kama mzazi wa aina nyingine zinazovumilia. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, kwa kuwa uvumilivu hutegemea jeni nyingi zinazofanya kazi pamoja. Mkulima wa gunia hahitaji kungoja, kwa sababu baadhi ya mboga zenye kinga hiyo tayari ziko sokoni Tassia.

Mboga ipi inaweza, ipi haiwezi

Chumvi hupimwa kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi. Kipimo chake huitwa desisimensi kwa mita. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, husema kwamba maji ya kumwagilia yaliyo chini ya 0.7 hayana tatizo. Kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu, na zaidi ya 3.0 tatizo ni kubwa.

Kila mmea una kikomo chake, yaani kiwango cha chumvi cha udongo ambacho mavuno huanza kupungua kikipitwa. Orodha inayotumiwa duniani ilikusanywa na watafiti wa Marekani, Maas na Hoffman, mwaka 1977. Katika orodha hiyo maharagwe na karoti huanza kuathirika udongo ukifika 1.0 tu. Kitunguu kina 1.2, pilipili hoho 1.5, mahindi 1.7, kabichi 1.8 na nyanya 2.5. Bitiruti hufika 4.0, na shayiri 8.0.

Kikomo peke yake hakitoshi. Kuna pia kasi ya kuanguka. Maharagwe yakishapita kikomo hupoteza asilimia 19 ya mavuno kwa kila kipimo kimoja kinachoongezeka. Bitiruti hupoteza 9, na shayiri 5. Tofauti hiyo ndiyo humfanya mtu mmoja aseme maji ya kisima hayafai kabisa, na jirani yake aseme yanafaa. Mmoja alipanda maharagwe, mwingine akapanda bitiruti.

Hapa pana habari njema kwa soko la Nairobi. Mboga ambayo wengi wetu huiita spinachi, yenye jani pana na shina nene jeupe, kwa kweli ni ndugu wa bitiruti. Ni aina moja ya mmea. Asili ya jamii hiyo ni mmea wa mwituni unaoota kando ya bahari huko Ulaya, na bado imebeba kinga ya mababu zake. Terere nayo ni ya ukoo huo huo kwa mapana, na huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Kunde zinazolimwa kwa ajili ya mbegu zina kikomo cha 4.9, lakini zikilimwa kwa ajili ya majani kikomo hushuka hadi 2.5, kwa sababu majani huathirika mapema kuliko mbegu.

Sukuma wiki ni aina moja na kabichi, hivyo iko katikati. Kwa maji ya chumvi kiasi itatoa mavuno ikitunzwa, ila haitastahimili uzembe. Maharagwe, karoti, vitunguu na stroberi zimwagiliwe maji ya mvua au ya bomba, au ziachwe.

Nyanya ina tabia yake. Chumvi kiasi huifanya iwe ndogo lakini tamu zaidi, maana maji ndani ya tunda hupungua na sukari hukolea. Chumvi ikizidi, kalsiamu haifiki kwenye tunda na kitako chake huoza kikawa cheusi. Wengi hupulizia dawa ya ugonjwa, ingawa hakuna mdudu wala kuvu.

Umri nao una maana. Mbegu inayochipua na mche mchanga ni dhaifu kuliko mmea mkubwa, hata kwa jamii inayovumilia kama bitiruti. Mwenye maji matamu kidogo ayatumie kwenye kitalu na wiki za kwanza baada ya kuhamisha miche, kisha ayaachie maji ya kisima mimea iliyokomaa.

Kuupunguzia mmea mzigo

Hatua ya kwanza ni mashimo. Kila mtungi, ndoo au beseni lililopandwa mboga liwe na mashimo chini. Kwa gunia lenye nguzo ya kokoto katikati, maji yapitie kwenye kokoto na yapate pa kutokea. Bila njia ya kutoka, hakuna mboga itakayoshinda, hata iwe na kinga gani.

Hatua ya pili ni kuosha udongo. Maji ya kisima yakitumika, yamwagwe ya kutosha hadi sehemu ndogo itoke chini: kwa kila vikombe 10, karibu viwili vitoke. Hayo mawili ndiyo yanayobeba chumvi ya siku zilizopita. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku bila tone kutoka chini ndiko hujaza chumvi haraka zaidi. Siku ya mgao wa maji, au mvua inaponyesha, bustani ioshwe kwa wingi: maji yamwagwe hadi yatoke, yaachwe kwa muda, kisha yarudiwe. Kwa wakazi wa ghorofani, beseni liwekwe chini ili jirani wa ghorofa ya chini asimwagikiwe. Maji yaliyotoka yasirudishwe kwenye mboga.

Hatua ya tatu ni kuchanganya. Nusu ya maji ya kisima na nusu ya maji ya mvua hupunguza chumvi kwa karibu nusu. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 10 za mraba ni lita 200, sawa na mitungi 10 ya lita 20. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinatosha kuokoa miche ya msimu. Mitungi ifunikwe ili mbu wasizaliane humo.

Hatua ya nne ni kufunika udongo kwa nyasi kavu au majani makavu. Jua likishindwa kuukausha, chumvi haipandi juu upesi. Maji yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani, na iwe asubuhi au jioni.

Hatua ya tano ni mboji iliyoiva vizuri. Huufungua udongo na kuusaidia kupitisha maji. Kwa ardhi ya udongo mweusi iliyogeuka ngumu kwa sababu ya sodiamu, jasi husaidia, maana kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, kisha sodiamu huoshwa kwa maji. Hata hivyo, udongo upimwe kwanza, ili pesa zisitumike pasipo sababu.

Mambo ya kuepuka

Mbolea ya dukani pia ni chumvi. Majani yakiungua nchani, mkulima asiongeze mbolea kabla ya kuosha udongo. Samadi mbichi ya kuku nayo ina chumvi nyingi. Iachwe ioze kwanza. Majivu ya makaa au kuni yanapendwa, lakini penye maji ya aina ya magadi huzidisha tatizo, kwa sababu majivu nayo yako upande huo huo wa magadi. Maji yaliyofulia nguo yana sodiamu ya sabuni na hayafai kwa gunia.

Kuchemsha maji hakuondoi chumvi. Maji hupungua, chumvi hubaki ileile, na ukali wake huongezeka. Vilevile, uhaba usimpeleke mtu kwenye Mto Ngong, ambao hupita Mukuru na eneo la viwanda kabla ya kufika upande wa Embakasi. Maji yake yamebeba uchafu wa kinyesi na wa viwanda, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya chumvi.

Kupima kabla ya kununua

Kaunti ya Jiji la Nairobi ina sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, na bustani ya nyumbani ni sehemu ya kilimo hicho. Wenye maswali wamwone afisa wa kilimo wa kaunti ndogo. Maabara za shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, zilizoko Kabete, hupima udongo. Wakazi wa ploti moja wanaotumia kisima kimoja wanaweza kuchanga gharama ya kuyapima maji yao mara moja, kisha wote wakatumia matokeo hayo. Anayejua kiwango cha kisima chake anajua pia kama apande karoti au spinachi, na hatanunua mbegu ya kubahatisha.

Asiyeweza kupima sasa anaweza kuanza kwa jaribio dogo: mitungi miwili yenye mashimo na udongo ule ule, mmoja wa spinachi na mmoja wa sukuma wiki, yote ikimwagiliwa maji ya kisima hadi yatoke chini. Baada ya miezi miwili majani ya mitungi hiyo yatakuwa yamemwambia mengi kuhusu maji ya ploti yake, naye atakuwa tayari amevuna mara kadhaa.